Chunjua ya Kidole cha Kusomea

4 Februari

Kwako Mchungulizi,

Huku kwetu tuko salama. Mguu wa baba yako umepona, sasa anatembea kwa mbwembwe kama bwana harusi. Fundi wa bati alikuja kuziba tundu moja la paa, akagonga siku nzima, akaondoka ameacha mawili. Mvua ikinyesha naweka ndoo na sufuria, nalala nasikiliza muziki. Mkeo hajambo? Mwambie kitambaa alichonitumia nimekishonea gauni, na kila anayenigusa bega ananiuliza nimekipata wapi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliifurahia, ingawa nusu nzima ilikuwa majivuno. Sawa, nimesikia, wewe ni muuguzi kwenye kliniki ya ngozi na mmeletewa mashine ya leza. Jivune, ni haki yako. Nilikulea mimi.

Sasa nina swali. Hiyo mashine inaondoa chunjua? Simuulizii mtu mwingine ila mwenzangu wa hapa kazini. Unaijua meza yetu ya prufu. Sisi wasioona tunakaa mbavu kwa mbavu, na kila kitabu cha nukta nundu kinapita chini ya vidole vyetu tukisaka makosa kabla ya kupelekwa kwa watoto wasioona mashuleni. Basi huyo mwenzangu ana chunjua kwenye kidole, mwaka wa pili sasa. Ameifunga uzi mpaka kidole kikavimba. Ameipaka dawa kali ya duka la dawa, ikachoma kila kitu isipokuwa chunjua yenyewe. Hospitali wakaigandisha kwa ile dawa ya baridi kali, ikaondoka, na baada ya wiki chache ikarudi imenenepa, utadhani ilikuwa likizo.

Ni mtu mwenye haya, hapendi kuuliza mwenyewe. Ndiyo maana nauliza mimi.

Shangazi yako, nikiwa na kibao changu cha nukta nundu na msumari wangu wa kutobolea kama siku zote.


20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima, na tuna habari. Mke wangu ni mjamzito. Daktari anasema mtoto atakuja mwezi wa tisa. Baba hajui bado, nimetaka ujue wewe kwanza, kwa hiyo tafadhali kaa nayo siku mbili tatu halafu ndiyo umwambie. Najua siku mbili kwako ni nyingi.

Samahani kwa makosa utakayokutana nayo humu. Kibao bado kinanitesa. Kutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi umeigeuza kama iko kwenye kioo, ili ukipindua karatasi isomeke sawasawa! Mke wangu ananiangalia nikitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Ningeweza kupiga simu, lakini nakumbuka ulivyonijibu siku ile, kwamba simu ni ya kuulizia bei ya nyanya.

Kuhusu mwenzako. Ndiyo, leza inaondoa chunjua, na hasa zile kaidi zilizoshinda dawa nyingine zote. Hapa tumewatibu watu waliokuwa wamekata tamaa, dereva mmoja alikuwa nazo kwenye nyayo mpaka anakanyaga breki kwa kisigino. Si uchawi, wengine hurudia mara tatu, nne, na wachache zinawarudia. Lakini nina imani nayo.

Nina maswali ya kumuuliza huyo mwenye haya. Ni kidole gani? Iko upande wa kucha au upande wa nyama? Anafanyaje kazi nayo? Huwa anaikwangua?

Na nina la kwako pia, shangazi, usinikasirikie. Barua yako nimeiona. Ukurasa wa kwanza nukta zimesimama kama zako za siku zote. Ukurasa wa pili zimelegea, nyingine hata hazikutoboka vizuri. Wewe hujawahi kunipigia nukta legevu tangu nizaliwe. Mkono umekuwaje?

Mwanao,
Mchungulizi


2 Aprili

Mchungulizi,

Hongera! Hongera sana wewe na hongera zaidi kwa mkeo, maana wewe kazi yako ilikuwa fupi. Baba yako nilimwambia siku hiyo hiyo. Sikuweza, nisamehe, habari ilikuwa inanitoka masikioni. Alikwenda kununua rangi na akapaka kiti cha mtoto ulichokikalia wewe. Bado hakijakauka vizuri, anakigusa kila saa.

Fundi wa bati karudi. Sasa matundu ni matatu. Kinanda, yule mwenzangu wa mezani anayeimba kwa pua huku anasoma, anakusalimia. Mahindi mwaka huu bei juu.

Unasubiri nikujibu. Nimekaa na barua yako wiki tano, nikaiweka juu ya kabati, nikaishusha, nikairudisha. Ulipoandika kwamba nukta zangu zimelegea nilikasirika nikasema, hivi huyu mtoto niliyemfunga kitambaa cha macho nimfundishe kusoma kwa kidole, akawa anachungulia chini ya kitambaa na kusoma kwa macho mpaka leo, ndiye anakagua nukta zangu? Koma!

Lakini umeona sawa. Mwenye haya ni mimi. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na karatasi.

Ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Upande wa nyama, pale pale kwenye ncha. Ndicho kinachokandamiza msumari ninapoandika, na ndicho ninachosomea. Cha kushoto kwangu ni msaidizi tu, kinashikilia mstari usipotee, hakijui kusoma. Nimekijaribu. Kinasoma kama wewe. Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini changu kimoja kimesoma vitabu vya shule nzima nzima, na ndicho kilichonipa jina mjini hapa.

Mwanzoni nilijua ni sugu ya kazi. Kila msomaji wa prufu ana sugu, na dawa yake sisi tunaijua. Katikati ya meza kuna kopo la vipande vya msasa laini. Jioni kabla ya kufunga kila mtu anachukua kipande, anajisugua ncha mpaka ngozi inakuwa nyembamba na nyepesi kuhisi, anarudisha kwenye kopo. Mimi ndiye niliyeleta desturi hiyo mezani. Basi nilisugua, na kadiri nilivyosugua ndivyo ilivyostawi.

Sasa nikupe lenyewe. Mwezi uliopita kitabu cha hisabati cha darasa la nne kilipita mikononi mwangu na kosa. Unajua tano ni nukta mbili zinazoteremka, na tisa ni nukta mbili zinazopanda. Basi. Palikuwa na tisa mahali pa tano, na nikapita juu yake kama gari juu ya kijiti. Mwalimu mmoja alituma malalamiko. Darasa zima walikosa hesabu na wakachapwa maneno bure. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Anasema kitabu kipya cha hisabati cha shule zote kinaingia mezani mwishoni mwa mwaka, na kwamba labda umefika wakati nihamie stoo, kufunga vifurushi. Kufunga vifurushi! Mimi!

Kwa hiyo nijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Daktari wenu akikichoma kidole hiki, likabaki kovu, au ganzi, sitasoma tena. Nitakuwa nimepofuka mara ya pili, na mara ya kwanza nilikuwa mchanga sana hata sikumbuki, ila hii nitaikumbuka. Nikiiacha chunjua, nakwenda stoo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kovu litabaki au halitabaki?

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Kwanza msasa. Naandika hili kabla ya salamu za nyumbani kwa sababu nilipofika kwenye habari za kopo nilisimama nikaita "Mtume!" mpaka mgonjwa kwenye benchi akaniuliza kama ni yeye anakufa. Chunjua si sugu. Chunjua ni kirusi kinachoishi ndani ya ngozi, na kinapenda sana ngozi iliyokwaruzwa. Ukijisugua unakipanda upya kama mbegu kwenye shamba lililolimwa. Mwingine akichukua kipande hicho hicho, unampa na yeye mbegu. Tupa kopo lote. Leo. Halafu waulize wenzako vidole vyao vikoje, usiwaache wanyamaze.

Mke wangu hajambo, anatapika asubuhi na kucheka mchana. Anataka udongo wa kutafuna, nimemkatalia.

Sasa swali lako. Nimekaa na daktari wa ngozi, nikamsomea barua yako yote, samahani, hata ile ya kuchapwa maneno. Amesema hivi, na mimi nakupa bila kupunguza. Leza ziko za namna mbili. Moja inachoma nyama yenyewe, inaifukua chunjua mpaka kwenye mzizi. Ina nguvu, lakini inaacha kidonda, na kidonda kinaweza kuacha kovu. Hiyo kwenye ncha ya kidole cha kusomea hatakugusa nayo. Ya pili haichomi ngozi ya juu. Mwanga wake unatafuta damu, unaifunga ile mishipa midogo inayolisha chunjua, chunjua inakosa chakula inakauka. Inakwenda pole pole, unarudia kila baada ya wiki kadhaa. Kwa kawaida haiachi kovu. Nilimwambia, daktari, shangazi yangu hataki "kwa kawaida". Akasema, basi mwambie siwezi kumwapia. Anaamini kidole kitasoma, lakini hawezi kuapa.

Hilo ndilo jibu. Na mimi siapi. Lakini nimeshashika mashine hiyo mara nyingi, nimesomea, na naamini itafanya kazi kuliko ninavyoamini fundi wenu wa bati.

Kuna kitu nilifanya. Mchana kliniki ilipotulia nilifunga macho nikajaribu kuisoma barua yako kwa kidole, kwa haki kabisa. Muda wote wa chakula nilipata mstari mmoja na nusu, na nusu yenyewe nilichungulia. Halafu nikajibandika plasta kwenye ncha nikajaribu tena, nijue unavyosoma sasa. Sikupata hata herufi. Nilimbandika na daktari plasta. Naye hakuhisi hata nukta, akawa anaigeuzageuza karatasi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa anaombwa kuokoa nini.

Njoo, shangazi. Chumba cha mtoto kipo na mtoto bado hajafika kukidai.

Mwanao


3 Mei

Mchungulizi,

Baba yako anaulizia jina la mtoto, nimemwambia atulie. Paka wako kazaa stoo kwa jirani. Mvua zimepungua, ndoo zimepumzika.

Kopo nimelitupa, na si kimya kimya. Nilingoja wote tumekaa, nikalitikisa hewani mpaka wakanyamaza, nikasema, jamani, tumekuwa tukipandiana chunjua kama karanga, na mkulima mkuu ni mimi. Nyoosheni vidole. Wee! Kinanda anayo kwenye dole gumba, alikuwa anaificha kwa plasta akidai amekatwa na karatasi, karatasi gani inamkata mtu miezi saba? Na yule mdogo tuliyemwajiri juzi ilikuwa inaanza, ndogo kama mbegu ya mtama. Sasa kila mtu anakwenda hospitali, na kila mtu ana sabuni yake na taulo yake. Msasa mpya uliobaki kabatini tumewapa mafundi seremala, waliupokea kwa koleo.

Kisha nikaenda kwa meneja. Nikamwambia, chunjua inaondoka, kitabu cha hisabati kitanisubiri, na stoo mpeleke mwenye mgongo wa kubeba. Akasema, na kidole kisiposoma? Nikamwambia, nikirudi nisipoweza kuhisi nukta, nitaingia stoo mwenyewe kwa miguu yangu na hutanisikia nikilalamika. Tukashikana mikono. Kwa hiyo neno langu limeshatoka, siwezi kulirudisha mdomoni.

Nakuja. Ila nina sharti, na liko moja tu. Mkono utakaoshika mashine uwe wako. Daktari asimame karibu, aangalie, akugombeze akitaka. Lakini sitaki mkono nisioujua juu ya kidole changu. Wako naujua tangu haukuweza kufunga kifungo cha shati. Usianze kuniandikia kwamba wewe ni muuguzi tu. Umesomea, umesema mwenyewe.

Nitakuwa na kikapu kimoja na begi moja. Kikapu ni cha mkeo, usikifungue.

Shangazi yako


12 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Nyumba imepoa tangu uondoke. Mke wangu anakaa kwenye kiti chako akisema kina joto lako. Tumbo limekuwa kubwa, viatu anavaa vyangu. Wagonjwa bado wananiuliza, yule mama wa miwani yuko wapi?

Maana kliniki nzima hawajasahau siku ya kwanza. Nilikuletea miwani ya kujikinga na leza, kama tunavyomvisha kila mtu anayeingia chumba kile, ukaigusagusa ukasema, "Mwanangu, mimi kipofu unanivisha miwani? Unataka nisione nini?" Daktari alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Na uliporudi mara ya pili ulikuja umeivaa tangu mapokezi, na lipstiki juu.

Mimi sikucheka, sasa naweza kukwambia. Ulinipa kidole umekilegeza kabisa, kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Nilikuwa najua kila mlio wa mashine ni mimi nimekanyaga pedali. Ulisema ni kama mpira wa kufungia pesa unakuchapa, ukaanza kuhesabu kwa sauti michapo, ukautukana mmoja kwa jina la fundi wa bati. Ncha ikawa nyeusi kama zambarau. Wiki mbili ikamenyuka. Tukarudia, na tukarudia tena, na siku ile daktari alipoweka lenzi yake akasema hana cha kuchoma zaidi, chunjua imekwisha, ulipiga kigelegele kwenye ukumbi wa watu wagonjwa.

Chunjua imekwisha. Hilo hakuna wa kutunyang'anya.

Lakini kituo cha basi nilikuona. Ulitoa kitabu chako kwenye begi, ukafungua, ukapitisha kidole kwenye mstari. Ukarudia. Kisha ukafunga, ukaniuliza kama nimekununulia maji. Nikakupa chupa. Daktari anasema ngozi mpya huwa butu kwanza, na kwamba usiilazimishe. Niambie tu, shangazi. Unahisi?

Mwanao


2 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Sijapata barua. Nilipopiga simu ulisema "nitakuandikia" ukaulizia bei ya nyanya, ukakata. Baba naye nikimpigia anasema upo, unakula, una shughuli. Shughuli gani, hasemi. Nyinyi ndugu wawili mkiamua kumficha mtu kitu, mnakificha kama mlivyonificha baiskeli ile ya zawadi, lakini mara hii sidhani kama ni baiskeli.

Basi nitasema mimi. Naogopa. Ile mara ya tatu daktari aliniachia kiwango cha mwanga nikiweke mwenyewe. Alisema kiko sawa, na vitabu vinasema kiko sawa, na kila usiku nakihesabu upya na kiko sawa. Lakini vitabu havijui kidole chako. Kama nimekinyamazisha, niambie wewe kwa maneno yako, nisije kukusikia kwa watu kwamba uko stoo unafunga vifurushi. Nitakuja nifunge na wewe.

Sijutii kukuita. Ningekuita tena. Ila sitaki kimya.

Mwanao


25 Septemba

Shangazi! Shangazi!

Amekuja! Msichana! Mke wangu mzima, mtoto mzima, mimi ndiye niliyezimia, nilikaa chini kwenye korido ya wodi ya wazazi, wauguzi wenzangu wakanimwagia maji. Amezaliwa tarehe 19 alfajiri, na sauti yake ni yako, nakuapia, alipolia tu mkunga alisema huyu atagombana na mameneja.

Ana vidole virefu. Nimevihesabu, kumi. Anakishika kidole changu hakiachii.

Kila mtu anasema tarehe 15 ni siku ya bahati, sijui wametoa wapi, lakini nimekubali. Sijalala. Naandika huku mtoto yuko kifuani, kibao juu ya goti. Nisamehe makosa. Hujanijibu mbili, najua. Hii nijibu basi, hata kwa neno moja.

Baba yake mtu,
Mchungulizi


10 Oktoba

Mwanangu,

Sote wazima. Paa linavuja. Baba yako amekipaka kiti rangi mara ya nne. Sasa tumalize.

Barua zako zote tatu zilifika. Postamasta alizileta moja moja, mimi nikazipokea, na sikuzifungua. Kinanda aliniambia, lete nikusomee, una nini wewe? Nilimkatalia. Barua za kwetu hazisomwi kwa kidole cha watu. Nilizipanga juu ya kabati nikasema, zitasomwa na kidole kilekile au zitakaa hapo hapo. Baba yako alinisihi akuandikie kwa kalamu, nikamkatalia na yeye. Ningekwambia nini? Kwamba pale kituoni nilipitisha kidole kwenye ukurasa nikahisi kama nagusa sabuni? Nilikuwa sijui mwisho wake, na jambo nisilolijua mwisho siliandiki. Niliogopa, Mchungulizi. Hiyo ndiyo shughuli niliyokuwa nayo. Nakwambia hivyo kwa kuwa umenitangulia kusema.

Kila asubuhi nilikijaribu kwenye ukurasa mmoja tu, wa kitabu nisichokijua kwa moyo, nisijidanganye kwa kukumbuka. Mwanzo sabuni. Baadaye mchanga. Halafu siku moja naosha uso, nikashika taulo, nikahisi kila uzi wake, mmoja mmoja, na niliketi sakafuni na taulo lile nikalia mpaka baba yako akaja na ndoo akidhani paa limevuja chumbani kwangu.

Sikukimbilia kazini siku hiyo. Nilingoja mpaka ngozi ilipolainika. Kisha nikaenda, nikakaa kwenye kiti changu, nikasema leteni hisabati. Meneja alisimama nyuma yangu, nilisikia viatu vyake. Kinanda akaacha kuimba. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, kwenye wa tatu nikasimama nikagonga meza. Nikasema, hapa mashine imeweka tisa, ilipaswa kuwa tano. Meneja akaleta nakala ya wenye macho, akakagua, akasema ndiyo. Akaenda mwenyewe stoo akarudi na kiti cha kuegemea mgongo akaniwekea. Kitabu kizima nakisoma mimi.

Jioni nilirudi nikashusha barua zako juu ya kabati, nikazisoma zote kwa mpangilio, kwa kidole kilekile, bila msaada wa mtu.

Ya kwanza umeuliza kama nahisi. Nahisi. Nimehisi mpaka mahali uliposita, nukta moja umeitoboa mara mbili.

Ya pili umeogopa. Mkono wako haukukosea. Nilikwambia naujua.

Ya tatu nimeisoma nikaipigia kigelegele mpaka majirani wakaja, wakala kila kilichokuwamo ndani. Mwambie mkeo nimemkumbatia. Mbusu mtoto paji la uso, na vile vidole kumi vitunze, msasa usivikaribie. Nakuja mwezi ujao nimfahamu uso kwa kidole changu mwenyewe.

Lakini barua hiyo ya tatu siipitishi. Mstari wa tano umeandika amezaliwa tarehe 19. Chini unaniambia 15. Kibao kimekugeuza, nukta ulizotaka zipande zimeteremka, au zile za kuteremka zimepanda. Mtoto amezaliwa mara mbili? Kaa chini, umuulize mkeo maana yeye alikuwepo na hakuzimia, upige upya, unitumie.

Shangazi yako,
meza ya prufu